Simu ya Mama Inayoanzia Kulia

Simu ya mama yangu ilikuja kutoka Maskati ndani ya pakiti ya maziwa ya unga, na ilikuja inasema Kiarabu.

Baba ndiye aliyempa mtu ailete. Baba yangu ni mpishi huko, kwenye kambi ya wafanyakazi, anapika wali wa sufuria ambazo mimi nikiingia ndani sionekani utosi. Ana miaka hajarudi. Akaona mkewe anateseka na kitochi cha vitufe kilichofungwa kwa mpira wa pesa, akanunua simu ya maana, ya kioo, ya kuonana uso kwa uso. Ahsante baba. Ila hukuigusa kwenye lugha.

Sasa sikiliza shida yetu. Kwetu sisi sote tumesoma chuo cha Kurani. Mama amekhitimu, dada yangu amekhitimu, mimi nilifika pahala pazuri nikatoroka. Herufi za Kiarabu tunazisoma kama maji. Tatizo letu moja tu, dogo: hatujui zinasema nini.

Betri ikitaka kukata, simu inaandika ujumbe. Mama anavaa miwani, anakaa vizuri, anausoma wote kwa sauti. Madda anazivuta, ghunna anazitia puani, pa kusimama anasimama. Akimaliza anavua miwani anasema, "Maneno mazuri." Pale pale simu inazima.

Mimi skuli niliishia msingi, lakini vitu vya vidole navijua, nauza juisi ya miwa Darajani na vidole vyangu bado viko kumi. Nikamwambia, "Mama, n'pe niibadilishe iseme Kiswahili."

"Uibadilishe?" Akaikumbatia. "Simu imekuja na herufi za msahafu, wewe unataka kuigeuza iseme kama wewe?"

"Mama, hii inasema betri inakwisha."

"Umejuaje?"

"Kwa sababu imekwisha."

Hakunipa. Na chooni hakuiingiza hata siku moja. Akitaka kwenda, anaiweka juu ya kabati, anaifunika na kitambaa. Siku moja nilimvuta mpaka kwa fundi simu pale Darajani. Fundi akasema, "Hii dakika mbili tu, Bi Mkubwa." Mama akauliza, "Na picha za baba watoto je?" Fundi akafanya kosa la kufikiri kabla ya kujibu. Mama alishafika barabarani.

Basi tukaishi nayo kwa akili. Dada yangu alichukua rangi ya kucha akatia nukta juu ya kioo. Nukta nyekundu, kumpigia baba. Nukta ya waridi, kumpigia khalati yetu wa Makunduchi. Nukta ya zambarau, usiguse. Mambo yakaenda vizuri mpaka simu ikajipanga upya yenyewe, vitu vyote vikahama na nukta zikabaki pale pale. Mama anagusa nyekundu ampigie baba, simu inampiga picha. Anagusa tena, inampiga tena. Mpaka leo zimo picha chungu nzima za pua ya mama akisema "Halo? Halo?"

Na palikuwa na sheria ya visanduku. Simu ile ilikuwa na tabia ya kutoa kisanduku katikati ya kioo, maneno mistari miwili, chini yake vitufe viwili, kimoja kulia kimoja kushoto. Inauliza. Inauliza nini, Mungu ndiye ajuaye. Mama akatoa fatwa: "Ikikuuliza, gusa kulia."

"Kwa nini kulia?"

"Unakula kwa mkono gani? Msikitini unaingia kwa mguu gani?"

Tukagusa kulia miaka. Tumekubali mambo mengi sana kwa kulia. Tumekubali mpaka kila asubuhi simu inatwambia hali ya hewa ya mji mmoja huko Omani. Unguja mvua inanyesha mapipa yanafurika, simu inaonesha jua linacheka. Lakini hakuna baya lililotufika, kwa hivyo sheria ikabaki sheria.

Mpaka siku ya nikaha ya dada yangu.

Hapa nikueleze kitu, ujue kwa nini roho ilitutoka siku ile. Mwanamke haolewi mpaka walii wake atoe ruhusa, na walii wa dada ni baba. Baba yuko Maskati, basi lazima ampe mtu uwakala amuozeshe kwa niaba yake. Mtu mwenyewe ni ami yangu, mdogo wake baba. Na shekhe wa kuozesha ni mtu wa kunyoosha mambo. Tulimwambia kwamba baba ataleta sauti iliyorikodiwa. Akasema hataki.

"Sauti siku hizi zinatengenezwa," akasema. "Juzi mjukuu wangu kanionesha mbuzi anasoma taarifa ya khabari. Na kasoma vizuri kuliko wale wanaosoma. Mimi nataka nimuone mtu, hai, ananijibu."

Baba kwa siku ana nusu saa tu ya mapumziko, baada ya alasiri yetu, kabla hajaingia kupika chakula cha usiku. Nje ya hapo simu zao zinakusanywa. Na harusi ilishaahirishwa mara moja, mwezi uliopita, kwa sababu siku hiyo mtandao ulikufa. Bwana harusi anafanya kazi hoteli moja ya Kendwa, kaomba ruhusa mara ya pili, bosi wake kamwambia mara ya tatu asirudi kabisa. Kwa hivyo ni leo, katika nusu saa ile, au dada yangu avuliwe nguo za bi harusi tena, mbele ya watu wale wale. Mara ya kwanza alilia siku tatu. Mimi kwa mzaha wangu wote sikuweza kumchekesha.

Nikaha ilikuwa msikitini Sokomuhogo, wanaume. Wanawake wako nyumbani kwetu Kiponda, na dada. Simu yenye namba ya baba iko kwa mama. Mimi ndiye tarishi.

Mama akaifungua kwa namba yake ya siri, namba ambayo hajanambia kwa sababu ananishuku namlia bando, na shaka yake ni ya kweli. Akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Usiiache ikalala. Ikilala hutoiamsha."

Hii nayo ni akili yetu. Kioo kile usipokigusa muda mdogo tu kinazima, kinataka namba. Kwa hivyo nilitoka Kiponda nakipapasa kidole juu chini, juu chini, kama nabembeleza mtoto. Watu barazani wananitizama. Mmoja akaniuliza, "Yakhe, unaitia mafuta?" Nikamwambia naikanda, ina harusi.

Nikafika. Alasiri ilishasaliwa. Watu wamejaa, kanzu zinanukia udi, bwana harusi kakaa mbele ya ami kama mtu anasubiri kung'olewa jino. Shekhe akaniita kwa kidole. Kuta za msikiti ule za mawe ni nene, mtandao hauingii, tukatoka mimi, shekhe, ami na wazee wawili mashahidi mpaka barazani nje. Baba alisema tumpigie sisi. Nikafungua pale pa kumpigia, kidole kishanyanyuka.

Kikatokea kisanduku.

Mistari miwili. Kitufe kulia, kitufe kushoto. Nikawasomea, nikakisoma vizuri kabisa, wallahi mzee mmoja aliitikia kwa kichwa.

"Kinasema nini?" ami akauliza.

"Sijui."

"Si umekisoma?"

"Nimekisoma, ami. Sikusema nimekifahamu."

Shekhe Kiarabu anakijua, akasema, "Hebu n'one." Lakini miwani yake iko ndani, juu ya rafu ya misahafu. Akasema subiri niilete. Subiri? Nusu saa ya baba ishaanza! Mimi mtu wa haraka, na sheria ninayo. Nikagusa kulia.

Kioo kikawa cheusi.

"Umefanya nini?" ami akasema.

"Nimegusa kulia."

"Kulia kwa nani?"

Ikatokea alama ya kampuni, kisha mstari. Mstari mweupe, chini yake maandishi. Shekhe alirudi na miwani yake, akainama, akasoma taratibu, akanyanyuka, akanitizama kama ananipima sanda. "Mwanangu, inajirekebisha yenyewe. Imesema usiizime. Bila shaka ilikuuliza sasa au baadaye, wewe umesema sasa."

Apdeti! Siku zote za Mungu, imengoja leo!

Khabari ikaingia msikitini haraka kuliko mtandao. Wanaume wote wakatoka, wakazunguka baraza, vichwa juu ya vichwa, sote tunautizama mstari. Bwana harusi akajipenyeza mbele. Ami yake bwana harusi, mtu wa mashamba mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, akapiga ukelele:

"Inapungua! Jamani inapungua hiyo!"

Nikautizama. Mstari ulikuwa unaanzia kulia unakuja kushoto. Nikamwambia, "Haipungui, ami, inajaa. Inasoma Kiarabu."

"Basi ijae upesi!"

"Ungeiambia wewe, sauti unayo."

Watu wakacheka, ila bwana harusi hakucheka. Alikuwa ananong'ona kitu, sijui dua sijui ananitukana. Mtu mmoja akaniambia, "Si umpigie kwa simu nyengine? Namba ya baba yako huijui kichwani?" Nani siku hizi anaijua namba ya mtu kichwani? Yangu mwenyewe siijui. Ami yangu akatoa kitochi chake, namba ya baba aliyonayo ni ile ya zamani kabla hajahama kambi. Namba ya sasa imo mle mle ndani, nyuma ya mstari.

Ukafika nusu, ukasimama. Watu wote wakasimama nao. Ukaenda tena, watu wakashusha pumzi. Nimeangalia mipira ya penalti na watu hawa hawa, sijawahi kuwaona vile.

Ukajaa. Simu ikawaka, ikatoa mlio wake mtamu, sote tukasema Alhamdulillahi. Kisha ikatoa tarakimu. Inataka namba ya siri.

Ikizimika na kuwaka haisikii la mtu mpaka uitie namba, na simu yenyewe haiiti wala haiitiki. Wakaanza kunisaidia, na msaada wa watu arubaini ni balaa.

"Tia moja mbili tatu nne!"

Haikubali.

"Tia mwaka aliozaliwa mama'ko!"

"Mwaka aliozaliwa mama haujui hata bibi."

"Tia sufuri nne!"

"Hiyo si sufuri, hiyo tano ya Kiarabu," akasema shekhe, na mimi nishatia tano nne.

Simu ikagoma, ikaandika tungoje. Shekhe akaniondoa mkono juu ya kioo kwa upole kabisa. "Mwanangu. Mama yako yuko wapi?"

"Kiponda."

"Basi unasimama hapa kwa nini?"

Nikakamata kanzu kwa meno, nikakimbia. Kanzu yenyewe ya kuazima, ndefu, imenifanya kama pazia linalokimbizwa na upepo. Nimekata uchochoro, nimekata mwengine, nimemruka paka, pikipiki imenikosa kwa ukucha. Nimefika nyumbani pumzi iko Sokomuhogo.

Na hapo kikanikuta kikwazo ambacho hakuna fundi wa simu anayekijua. Ndani wanawake watupu. Wamevua mabuibui, nywele nje, ngoma inalia, na mlango umekaliwa na shangazi mmoja mwenye mwili wa kufunga mlango hata ukiwa wazi.

"Hodi!"

"Hakuna hodi leo! Wanaume msikitini!"

"Shangazi, ni mimi!"

"Nakujua ni wewe, ndo nimesema hakuna."

"Nataka namba ya siri ya mama!"

Akageuka ndani akapaza sauti juu ya ngoma: "Eti mwanao anataka namba yako ya siri!" Na kwa ndani nikamsikia mama anajibu, bila ya kufikiri hata kidogo: "Mwambie atie bando lake!"

Wanawake wakaangua kicheko. Nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote, nikasema simu imejizima, baba hajapatikana, mapumziko yanakwisha, nikaha hakuna! Ngoma ikakatika. Mlango ukafunguka upana wa mkono, ukatoka mkono wa mama, una hina na bangili, vidole vinaniita.

"N'pe!"

Simu ikaingia. Nje hapa nasikia mama anabonyeza na kusema, "Bismillahi... hii... na hii..." Kisha mlio. Imekubali! Mimi naruka peke yangu uchochoroni. Simu ikaanza kurudi, mkono kwa mkono, kuelekea mlangoni. Na katikati ya safari, mikononi mwa wanawake wasiojua, ikalia.

Baba. Amengoja tumpigie mpaka amechoka, kapiga yeye. Na mmoja wa wale wanawake, akitaka kuizima kelele, akagusa. Nina hakika aligusa kulia.

Nikasikia sauti ya baba, kubwa, safi: "Assalamu alaykum!"

We! Mayowe yaliyotoka mle ndani yalinitia uziwi. "Mwanamme! Mna mwanamme ndani!" Kanga zinavutwa, watu wanakimbilia chumbani, sinia limeanguka, mtoto analia, na katikati ya yote hayo baba anapiga kelele kuliko wao:

"Astaghfirullah! Sijaona kitu! Nimefumba macho! Jamani nimefumba!"

"Geuza simu!" shangazi anasema.

"Nani aishike? Nyweleee!"

Mpaka ikatulia, na nikasikia sauti ndogo, ya dada yangu.

"Baba. Fumbua. Ni mimi peke yangu."

Sikuona kitu, mimi niko nje, nimejibana ukutani. Lakini nilisikia kwamba baba hajasema neno. Baba yangu mtu wa maneno, ukimuuliza saa anakwambia na ya jana. Kisha akasema, "Umekuwa kama nani?" Na dada akasema, "Kama wewe, watu wanasema." Nikasikia kamasi zinavutwa, pande zote mbili. Na mimi, ndugu yao wa damu, mwenye huruma, nikaupiga mlango mateke.

"Mapumziko yanakwisha! Lieni baadaye!"

Mlango ukafunguka, simu ikatupwa mikononi mwangu na baba yumo ndani, kavaa kofia nyeupe ya mpishi na aproni, macho mekundu.

"Dakika ngapi, baba?"

"Kama kumi. Kimbia."

Nimekimbia. Baba mkononi, uso wake juu, mimi natizama njia yeye anatizama mbingu.

"Mbona naona waya za umeme tu?"

"Ndo Mji Mkongwe, baba!"

"Hebu geuza nione."

Nikamgeuza atizame mbele. Na hapo, wallahi, nilikuwa sijafikiri. Baba yangu hajaiona njia ile tangu mimi nina sauti nyembamba. Nikaanza kumsikia, huku mimi natweta: "Hee! Mlango ule bado! ... Ukuta huu umeanguka lini? ... Hapa palikuwa na cherahani... Pole pole, hapa pana ngazi, utajikwaa!" Na kweli palikuwa na ngazi, na nilijikwaa. Mtu yuko Maskati anajua ngazi ya Kiponda kuliko mimi ninayeipita kila siku.

Kwenye baraza moja wazee wa kahawa walinizuia njia kwa fimbo. "Unakimbia nini kama mwizi? Nani huyo?"

"Baba!"

"Baba gani?"

"Wangu!"

Mzee akanishika mkono, akaisogeza simu mpaka puani. "Weeee! Umenenepa!"

"Shikamoo!" baba anasema.

"Marahaba. Hicho kichwani nini, umekuwa daktari?"

"Mpishi!"

"Unarudi lini?"

"Mzee wangu, niachie mkono, tunaozesha!" nikasema mimi. Akaniachia, akanipiga na kikombe cha kahawa mgongoni kunisukuma.

Mbele watalii, kundi zima, wameziba uchochoro wanatizama mlango wa mbao, muongozaji wao anawaeleza misumari. Nikapiga kelele, "Harusi! Harusi! Njia!" Wakajibandika ukutani kama matangazo. Mmoja akanipungia mkono, na baba, kutoka kwenye simu, akampungia.

Tukapita chini ya kijumba kilichounganisha nyumba mbili juu, mtandao ukafa. Baba akaganda mdomo wazi, jicho moja limefumba. Nilikimbia na baba aliyeganda mpaka kwenye mwangaza, na ndipo akamaliza neno lake: "...nakwambia huko siko, huko unazunguka!"

Tukafika. Watu wote barazani wakanyanyuka kwa pamoja. Shekhe miwani ishavaliwa. Akamwita baba, baba akajibu, "Naam, shekhe," akaivua kofia ya mpishi, akavuta kofia ya kiua kutoka mfukoni mwa aproni, akaivaa. Kaivaa imekunjamana, upande mmoja, lakini watu waliona.

Shekhe akawageukia wazee mashahidi. "Mnamjua huyu?"

"Namjua," akasema wa kwanza. "Alinivunjia dirisha kwa mpira."

"Na mimi namjua," akasema wa pili. "Mpira ulikuwa wangu."

"Haya," shekhe akasema. "Mpe ndugu yako uwakala."

Nyuma ya baba ikaja sauti ya mtu anamwita. Baba hakugeuka. Akamtizama ami yangu, akasema, "Ndugu yangu, nimekuwakilisha umuozeshe binti—"

Akaganda.

Hakuna aliyepumua. Nikapanda juu ya baraza. Nikanyanyua simu. Nikakanyaga nondo za dirisha, nikanyanyuka zaidi, mkono mmoja kwenye dirisha, mwengine juu kama naning'iniza taa. Baba akarudi. Shekhe naye akapanda baraza, ami akapanda, wazee wawili wakapandishwa kwa kubebwa makwapa, wote shingo juu.

"Rudia tangu mwanzo!" shekhe akasema.

Baba akavuta pumzi. Na juu ya uso wake, katikati ya kioo, kikatokea kisanduku. Mistari miwili. Kitufe kulia, kitufe kushoto.

"USIGUSE!" Mtaa mzima. Mpaka mwanamke mmoja dirishani juu, ambaye hatumjui, naye kasema usiguse.

"Sauti inatosha," shekhe akasema, "uso nishauona. Sema, baba."

Na kutoka nyuma ya kisanduku, baba yangu akasema, neno moja baada ya jengine, ametulia kama hakuna sufuria yoyote duniani: "Ndugu yangu, nimekuwakilisha umuozeshe binti yangu kwa mume huyu, kwa mahari waliyokubaliana."

"Nimeukubali uwakala," akasema ami.

"Nakuja!" baba akamwambia mtu wa nyuma yake, na akakatika.

Nilibaki nimening'inia dirishani, hakuna anayenikumbuka. Watu wanakumbatiana, bwana harusi amekaa chini pale pale njiani na kanzu yake nyeupe. Wakarudi ndani wote kuozesha, mimi nikateremka peke yangu, goti limechunika.

Na ndo nikafikiri: baba hatoisikia. Kaozesha binti yake na hatosikia mwenyewe mume anasema nimekubali. Simu ilikuwa bado imefunguka, kisanduku kimeondoka chenyewe, nilikuwa sijaacha kuipapasa, kidole kishazoea. Nikaingia, nikapenya mpaka miguuni mwa shekhe, nikatafuta ile alama ya kipaza sauti. Iko upande wa kushoto, kila kitu kwenye simu ile kiko upande usioutegemea. Nikaibana kidole. Khutba yote nimebana. Ami akasema maneno yake, bwana harusi akajibu, "Nimekubali nikaha yake," mkupuo mmoja, sauti haikutingishika. Nimebana mpaka dua, mpaka sauti ya mtu nyuma anauliza halua iko wapi. Nikaachia. Ikaingia kialama cha saa cha kungoja mtandao, mle ndani ya mawe. Nikatoka nje, nikasimama njiani, nikaitizama mpaka zikawa tiki mbili, imemfika baba.

Nilivyorudi Kiponda vigelegele vilishafika kabla yangu, sijui nani aliwapelekea. Safari hii shangazi alinifungulia mlango mpaka mwisho, wote wamejifunika, nikamwona dada yangu amekaa juu ya kitanda, wanja umemtiririka, anacheka. Nikampa mama simu yake. Hakuniuliza kilichotokea. Akaipangusa kwa kanga, jasho langu lote.

Baada ya magharibi ikalia mlio mmoja, mfupi. Mama akavaa miwani, akagusa, akaiweka sikioni. Sote tukasogea. Kwanza kelele za masufuria, na mtu anagomba kwa Kiarabu. Kisha sauti ya baba, karibu sana, ya mtu aliyejificha nyuma ya mlango wa stoo na simu aliyoiponyesha isikusanywe. Hakusema kitu. Alipiga kigelegele. Baba yangu, mwanamme mzima, ana ndevu, kakivuta kigelegele, kibovu, kimekatika njiani kikaishia kikohozi.

Mama akashusha simu, akatutizama.

"Hajui hata kupiga," akasema. Kisha akanipa mimi, yeye machozi yamemziba hakioni kioo. "Nitilie tena."